Tangazo la Pili la Ndoa Yangu

Jamani, leo nimeaibika kanisani. Sisemi ile aibu ya kujikwaa ukienda kutoa sadaka. Hiyo inaisha ukishakaa. Hii yangu imetangazwa. Kwa sauti. Na kipaza sauti, ambacho siku zote ni kibovu, leo kilikuwa kizima kabisa.

Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia. (Nilikuwa na kuku. Wameisha.)

Kwa waliosahau: mimi ni Eliud, yule wa dawati la nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo. Niko Kibingo, huku Kyerwa, mkoani Kagera, kwenye kibanja cha migomba alichoniachia marehemu mama. Siku za kazi natengeneza simu Nkwenda, jirani na soko. Hiyo ndiyo inayonilisha. Lakini kazi ya moyo wangu ni nyingine, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilivyoumbuka.

Kuna mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kusimamia kila kitu ndani yake. Wetu ni wa huria. Hauuzwi, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuukagua na kuurekebisha. Tunaoutengeneza ni watu kumi na kitu, kila mtu na nchi yake, na sijawahi kuona uso wa hata mmoja. Mimi nimekabidhiwa kache ya mafaili. Kache ni hivi: badala ya kwenda kisimani kila unapotaka kikombe cha maji, unaweka ndoo mlangoni. Kompyuta nayo haitaki kwenda kwenye diski kila dakika. Inaweka nakala ya faili karibu, kwenye kumbukumbu ya muda. Inasomea hapo, inaandikia hapo, halafu baadaye ndiyo inapeleka kwenye diski. Basi. Hiyo ndoo ya mlangoni nimeishughulikia miaka mitatu bila mshahara. (Mama alifariki akiwaambia watu kwamba natengeneza redio.)

Shida ya mfumo wetu ni kwamba hakuna anayeutumia. Kuna siku mmoja wetu aliuliza kwenye barua za kikundi: je, yupo mtu yeyote anayefanya kazi halisi kwa mfumo huu? Kimya. Siku mbili kimya. Mimi nikajibu kwa majivuno: "Ninaye mmoja."

Mmoja huyo ni Mama Jeska, katibu wa usharika wetu. Ofisi ya usharika iliwahi kupewa kompyuta ya zamani, nzito kama gunia la maharage, mimi nikaiwekea mfumo wetu. Tangu hapo kila Jumamosi napita kuitazama. Mama Jeska anaandika matangazo ya ibada, mimi nakaa kwenye benchi naisikiliza diski inavyokoroma. Anazungumza, nazungumza. Ndiyo siku pekee ninayoongea na mtu zaidi ya dakika tano bila kushika simu yake iliyovunjika kioo.

Sasa, jana Jumamosi asubuhi nilimwekea toleo jipya la kache. Niliona diski ile imezeeka, kuandikiwa kila nusu dakika kunaichosha. Nikabadilisha: isubiri dakika kumi, ikusanye kazi, ipeleke kwa mkupuo. Nilikuwa nimewatumia wenzangu mabadiliko hayo waniangalizie. Aliyejibu ni yule anayejibu siku zote. Mtandaoni anajiita kwa herufi mbili tu, sijui ni mwanamume au mwanamke. Mimi namwita Jirani. Jirani akaniuliza swali moja: "Umefikiria umeme ukikatika?"

Tafakarini. Mtu anayeishi nchi ambayo umeme ukikatika inakuwa habari ya gazetini, anamuuliza mtu wa Kyerwa kama amefikiria umeme kukatika.

Nikamjibu: "Nitaliangalia."

Sikuliangalia. Nikamwekea Mama Jeska, nikaenda zangu Nkwenda, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala.

Leo asubuhi mapema simu ikaita. Mama Jeska.

"Eliud, mwanangu, umeamka?"

"Shikamoo mama. Nimeamka."

"Marahaba. Njoo unitolee haya matangazo kwenye printa, inanikatalia. Na jana umeme ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kusevu."

"Ulisevu?"

"Nilisevu. Nikageuka kuchukua miwani, giza."

"Basi hakuna shida, mama." (Hakuna shida! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.)

Nikavaa suti. Ninayo moja. Nikafika ofisini, Mama Jeska yuko mlangoni na kitenge chake cha umoja wa wanawake, ana haraka ya kwenda kupanga maua. Nikawasha kompyuta. Nikabofya faili la matangazo. Wapendwa, likafunguka kabla sijaondoa kidole! Zamani ulikuwa unabofya, unakohoa, unauliza habari za watoto, ndipo linafunguka. Nikalifunga nikalifungua tena. Nikalifunga nikalifungua tena. Mara sita. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyeona senene wa kwanza wa msimu, wale panzi wa kukaanga.

"Mama, umeona inavyofunguka?"

"Nimeona, mwanangu. Toa karatasi, kengele inagonga."

Nikatoa karatasi. Zilikuwa mbili. Ya kwanza nikaitupia jicho: mazoezi ya kwaya, wageni, usafi wa makaburi. Safi. Ya pili sikuisoma. Kwa nini niisome? Mimi nilikuwa naangalia kasi. Nikampa Mama Jeska, naye akampa Mzee Kalokola.

Mzee Kalokola ni mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Ni mtu mwaminifu mno. Kilichoandikwa, anasoma. Kuna Jumapili Mama Jeska alimwandikia pembeni "soma polepole hapa," naye akalisomea kanisa zima: "Soma polepole hapa."

Nikaenda kukaa sehemu yangu, benchi la tatu kutoka mwisho, ukutani. Na hapo ndipo nilipomwona Koku.

Niwaeleze. Kokugonza ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Miaka miwili iliyopita tulitangazwa ndoa hapohapo kanisani. Tangazo la kwanza lilisomwa, watu wakapiga vigelegele, mama (alikuwa bado hai) akalia. Jumamosi iliyofuata, kabla la pili halijasomwa, Koku alikuja nyumbani akanikuta kwenye kompyuta. Nilikuwa na siku tatu natafuta kosa moja kwenye hiyohiyo kache. Akasimama mlangoni. Akaniita. Nikasema, "Ngoja." Akaita tena. Nikasema, "Ngoja kidogo." Akasema, "Eliud, nimengoja. Nimechoka kuolewa na mgongo." Akaondoka. Jioni ileile nilienda ofisini kwa Mama Jeska nikalifuta tangazo la pili kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye aligeukia dirishani ili asinione.

Leo Koku alikuja kubatiza mtoto. Ameolewa upande wa Karagwe, kwa watu wa ng'ombe, lakini mama yake ni wa huku na ni mgonjwa wa miguu, akaomba mjukuu abatizwe hapa ili amwone. Mumewe anaitwa Gidioni. Mrefu, mpole, kofia mapajani. Mtoto wa kike, amevaa nguo nyeupe. Alipomwagiwa maji hakulia hata kidogo. Nikasema moyoni, Eliud, unaona, mambo yamepita, umekomaa. Nikaimba hata pambio kwa nguvu.

Mahubiri yakaisha. Mzee Kalokola akapanda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Akasoma karatasi ya kwanza yote, taratibu, kwa sauti ile inayofika barabarani. Akafika mstari wa mwisho.

"Vijana wote wa kike na wa kiume mnaombwa kufika siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, kila mmoja na jembe lake, kwa ajili ya..."

Akageuza karatasi.

"...ndoa takatifu kati ya ndugu Eliud, wa usharika huu, na binti Kokugonza, wa usharika huu. Hili ni tangazo la pili."

Jamani.

Bibi mmoja mbele yangu akasema, "Ee mawe!" (Kwa Kinyambo hiyo ni "mama yangu wee," si mawe ya kurusha. Ingawa ningeyapokea pia.)

Mimi nilishajua kila kitu. Ndiyo ubaya wa kuwa fundi: wengine walikuwa wanashangaa, mimi nilikuwa nimeshapata jibu. Kompyuta iliandika kwenye diski kwamba faili lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ukafika. Wa pili ulikuwa bado kwenye ndoo ya mlangoni, unangoja zile dakika kumi zangu, umeme ukakatika, ndoo ikamwagika. Pale kwenye diski palipotengwa kwa ukurasa wa pili yalikuwepo maneno ya zamani. Maana kufuta faili si kulisugua. Kompyuta inaandika tu kwamba nafasi hii iko wazi. Maneno yenyewe yanabaki palepale, mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake.

Miaka miwili hakikuja kitu.

Mnadhani Mzee Kalokola alisimama? Hakusimama. Kilichoandikwa, anasoma.

"Kama kuna mtu yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa au amwone mchungaji ofisini."

Gidioni akainuka. Taratibu, kofia mkononi, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

"Bwana asifiwe, kanisa."

"Amina!" (Waliitikia! Wote!)

"Mimi ni mgeni hapa, mnisamehe. Lakini ninalo pingamizi. Huyu ni mke wangu."

Kanisa likapasuka. Kwaya ilicheka. Mpiga kinanda aliinamia kinanda, nacho kikatoa sauti ndefu yenyewe. Mchungaji alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mama Jeska peke yake ndiye hakucheka, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mchungaji alipopata pumzi, akasema, "Eliud. Simama utueleze, maana kompyuta ni yako."

Nikasimama. Nina miaka thelathini na minne. Nikafunga kifungo cha koti kama mtoto anayekwenda kukariri mstari.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ni kache."

"Ni nini?" akauliza Mzee Kalokola kwenye kipaza sauti.

"Kache. Faili lilikuwa halijafika kwenye diski. Sasa umeme ulipokatika, yale ya zamani ambayo hayakuwa yamefutika..."

Hapo nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwa huruma, kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini: "Masikini. Anasema hayajafutika."

"Kwenye diski!" nikasema. "Hayajafutika kwenye diski!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Nikatazama upande wa Koku bila kutaka. Alikuwa ameinama, anamrekebisha mtoto kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikakaa. Mchungaji akaomba tusimame kwa wimbo, na nadhani hakuwahi kuuchagua haraka namna ile.

Nilipanga nikimbie kwa mlango wa pembeni. Lakini huku kwetu baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao, tena unafanyika hapohapo kwenye mlango wa pembeni. Nikakutana uso kwa uso na dalali, ameinua mkungu wa ndizi.

"Haya, haya! Mkungu huu ni wa bwana harusi! Bwana harusi yuko wapi?"

Nikaununua. Bila kupandishiwa, nikataja bei yangu na hakuna aliyeshindana nami. Nilitaka tu anyamaze. Kwa hiyo sasa mnione: suti, tai, mkungu begani, utomvu unashuka kwenye kola. Na Koku anakuja.

"Eliud."

"Koku. Hongera kwa mtoto."

"Asante." Akamhamishia mtoto bega jingine. "Nilidhani ulilifuta."

"Nililifuta. Siku ileile."

"Sikukuuliza kwa ubaya."

"Najua. Ni kompyuta tu. Ilikuwa inasubiri dakika kumi."

Akanitazama, nikaona anataka kucheka na anajizuia kwa heshima. "Bado unaingoja hiyo kompyuta?"

"Safari hii kompyuta ndiyo inayosubiri," nikasema. Akacheka. Nami nikacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, na kifupi, maana Gidioni alikuwa amefika. Akanipa mkono.

"Ndugu, usiwe na wasiwasi. Kwetu hata ng'ombe akirudi zizi la zamani hatugombani, tunamfuata tu."

Kisha akagundua alichokisema, akamwangalia mkewe, akasema, "Sikumaanisha ng'ombe ni wewe." Wakaenda zao kwenye pikipiki, Koku akimgombeza kwa sauti ya chini, mtoto katikati yao. Walishuka mteremko, nikawasikiliza mpaka pikipiki ikachanganyika na nyingine za barabarani.

Nikageuka. Mzee Kalokola amesimama na Mama Jeska.

"Hiyo programu iondolewe," anasema. "Leo imetangaza ndoa ya mke wa mtu. Kesho itamtangaza aliye hai kwamba amefariki, na mimi nitasoma!"

Alisema kweli. Angesoma.

Nilijua kama ikiondolewa, basi. Ile sentensi yangu ya "ninaye mmoja" inakufa. Na benchi la Jumamosi nalo linakufa. Nikasema, "Sawa, mzee. Nitaiondoa kesho."

Mama Jeska akavua miwani akaifuta. "Kompyuta inafunguka haraka," akasema. "Kosa ni la huyu, si la kompyuta. Aitengeneze. Na mimi kuanzia sasa nitatoa karatasi Jumamosi, nizisome mwenyewe, na Eliud azisome mbele yangu. Zote mbili. Kwa sauti."

"Kwa sauti?" nikauliza.

"Kwa sauti. Mpaka utakapojifunza kusoma ukurasa wa pili."

Mzee Kalokola akaguna, akakubali. Mama Jeska akanitazama na ule mkungu. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Sikuwa nimekula. Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani nilitaka kufika nyumbani kabla sura yangu haijabadilika mbele yake. Nikaondoka kwa miguu, kila baiskeli inayonipita inapiga kengele mara mbili, na mtu mmoja nisiyemfahamu akaniambia, "Pole, bwana harusi." Habari imenitangulia mpaka njia panda.

Nimefika, nimetundika mkungu jikoni, nimekaa kwenye kompyuta bado nina tai shingoni. Nimerudisha nusu dakika. Halafu nimeweka na sharti jingine: faili lisitangaze ukurasa ambao haujafika. Mistari kumi na mmoja tu. Mistari kumi na mmoja ingeniokoa na yote haya, ningekuwa nimeiandika siku nilipoulizwa.

Nikawatumia wenzangu, nikaeleza kosa kwa ufupi: umeme, ukurasa wa pili, maneno ya zamani kujitokeza. Nikakiri kwamba nilionywa. Jirani akajibu baada ya muda si mrefu.

"Kuna mtu amepoteza data?"

Nikaandika: "Hapana. Ilipatikana nyingine iliyopotea zamani. Ilikuwa tangazo la ndoa yangu ambayo haikufungwa. Imesomwa kanisani."

Nikajua anapitia ile mistari kumi na mmoja. Kisha:

"Marekebisho ni mazuri, nimeyapokea. Na wewe, uko salama?"

Miaka mitatu tunaandikiana. Nina barua zake nyingi kuliko za ndugu zangu wote. Zote ni za kache. Hii ndiyo mara ya kwanza ameniuliza habari zangu. Nikaandika "mzima," nikafuta. Nikaandika maelezo marefu ya mama, ya nyumba, ya kuku walioisha. Nikafuta. Nikaandika "mzima" tena, nikatuma. Halafu nikafungua kundi hili, nikawaandikia ninyi yale marefu.

Basi ndiyo hivyo. Naombeni msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, tafadhali asichekee huko kwake kimyakimya. Anipigie, acheke nikimsikia.